Bunduki yako iko namba ngapi, afande? Barua ya wazi kwa makamanda wa vikosi vilivyoko Lamu

Kwa makamanda wa vikosi vyote vilivyopiga kambi kaunti ya Lamu, na kwa wakubwa wenu mnaowapelekea ripoti Nairobi.

Assalamu aleikum.

Mimi ni sajini mstaafu. Nimevaa magwanda miaka 22, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa mkufunzi wa silaha, yule mtu mnayemsikia akipayuka uwanja wa shabaha tangu alfajiri, sauti imemkauka na mifuko imejaa maganda ya risasi. Jina langu nimeliweka kando, na kikosi changu sikitaji wala kambi siitaji, kwa sababu sikuja kumchongea mtu. Siku hizi nakaa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Nina mashua ya shirika na shemeji yangu, na asubuhi zangu nyingi zaishia barazani na wazee wenzangu, tunauliza nani kafa na samaki kilo imefika bei gani. Nimeandika haya kwa simu, kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Nianze na siku moja ya uwanja wa shabaha.

Uwanja wenyewe ulikuwa kiwanja cha mchanga nyuma ya kambi, tuta la udongo mbele, miti ya miiba pande zote. Vijana nimewalaza mstarini, 10 kwa 10. Akaja kamanda wao, afisa wa cheo cha kuheshimika, na nyuma yake dereva amemshikia bunduki. Wengi hawataona neno hapo. Mimi niliona, lakini nikapiga saluti nikanyamaza. Bunduki ilikuwa G3, ile ya Kijerumani iliyotuchubua mabega miaka mingi. Walioishika wanajua: nyuma, juu yake, kuna kigurudumu cha kulengea chenye namba 1 hadi 4. Namba 1 ni mwanya wazi wa umbo la V, wa mita 100, wa kulenga upesi mtu akikuibukia. Namba 2, 3 na 4 ni vitundu vidogo, vya mita 200, 300 na 400. Ya afisa wetu ilikuwa namba 4. Tuko mpakani mwa msitu wa Boni, mahali ambapo hatua 40 mbele nyati anaweza kusimama usimwone, na kamanda anatembea na bunduki iliyotegwa kwa mtu aliye mita 400, achungulie kwenye kitundu, alfajiri, kizani.

Akalala. Akapiga mbili. Ya tatu ikagoma.

Bunduki kugoma si ajabu, tena hapa pwani. Hewa ya chumvi hula chuma, mchanga hupenya kila mahali, na chemba ya G3, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ina mifereji yake ndani ambayo usipoipiga brashi itakuaibisha mbele za watu. Dawa yake kila kuruta huimba usingizini: mtutu mbele, toa magazini, vuta, tazama. Afisa wetu aliinua bunduki yote, akaigeuza ubavu aitazame vizuri, kidole kiko kwenye triga, na mtutu ukapita juu ya vichwa vya vijana 10 waliolala kama taa ya mnara inavyozunguka baharini. Niliushika nikaurudisha mbele. Sikuomba ruhusa.

Akacheka. Akasema, “Sajini, hayo ni ya kwako. Kazi yangu mimi ni kuongoza.”

Vijana wakacheka pia, maana mkubwa akicheka mdogo atafanyaje? Neno lile nimeishi nalo hadi leo.

Hapa kwetu hakuna aliyezaliwa nahodha. Mtoto huanza kwa kufua maji chomboni, kuyachota kwa ndoo na kuyamwaga nje. Akizoea hupewa kamba, aivute na aifunge, na akiifunga vibaya hutukanwa yeye, mama yake na bibi yake. Miaka ikipita ndipo ashike usukani, tena siku ya shwari, mzee yuko pembeni anajifanya kalala. Akishakuwa nahodha mwenyewe hafui maji tena, anao mabaharia. Lakini wakifua kivivu anajua kwa mlio wa ndoo tu, hana haja ya kugeuka. Wazee wetu walisimulia vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Mazrui, watawala wa Mombasa, na watu wa Pate walipokuja kuipiga Lamu. Walikuwa wengi, walikuwa na silaha, na bila shaka walikuwa na wakubwa wa kuongoza. Maji yakatoka. Vyombo vyao vikabaki mchangani, na waliposhindwa wakauawa wakivikimbilia vyombo visivyoelea. Hadi leo upepo ukihamisha mchanga kule Shela, watu huzungumza juu ya mifupa.

Sitaki kamanda awe mpiga shabaha bora kuliko wote kambini. Najua mzigo wake: ramani, redio, maji, mafuta ya magari, barua za wakubwa, na mama wa askari anayepiga simu kutoka bara kuuliza mwanawe mbona hapatikani. Ninachotaka ni ajue anachokitazama. Afisa ambaye hajawahi kuisafisha bunduki yake mwenyewe hajui kazi hiyo inachukua muda gani, basi atawapa vijana robo saa baada ya mvua ya masika na kuwaambia gari linaondoka. Ambaye hajawahi kujaza magazini gizani kwa vidole vilivyolowa hawezi kupanga lindo la usiku likapangika. Akikagua, atakagua anachokijua: vifungo, viatu, ndevu.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wakufunzi wenzangu, wanaopenda kusema kwamba sisi masajini ndio jeshi lenyewe na maafisa ni mapambo. Si kweli. Mimi naweza kumfundisha askari mmoja mmoja kupiga shabaha, hata 100, mmoja baada ya mwingine. Siwezi kuifundisha kombania kupigana. Kombania hujifunza kwa kutoka pamoja, usiku, platuni hii inajua ile iko wapi, magari yanajua yatoke lini, mwenye redio anajua amwite nani wa kwanza aliyejeruhiwa akianguka. Hayo yanataka siku, mafuta, risasi za mazoezi na amri, na vyote vinne vimo mkononi mwa kamanda. Sajini hana saa hata moja ya kambi iliyo yake. Kwa hiyo kamanda akisema mafunzo ni ya sajini, na sajini hana cha kufundishia, basi mafunzo ni ya hakuna.

Nitawaambia yalivyoishia kwetu.

Majuma machache baada ya siku ile, ratiba ilikuwa na siku 2 za mazoezi ya lindo la usiku: kupokezana zamu, kupakia na kupakua silaha bila taa, nywila, mwenzio akipigwa unafanya nini. Niliisubiri kwa hamu, maana nusu ya vijana walikuwa wageni kambini. Ikaja simu kwamba kuna mgeni mkubwa anakuja kututembelea. Siku zote 2 vijana walipaka mawe chokaa. Mawe ya njia nzima, kutoka getini hadi mlingoti wa bendera, moja moja, kwa brashi. Mgeni mwenyewe hakufika. Jioni ya siku ya pili karani akaleta daftari la mafunzo, limeshaandikwa: lindo la usiku, siku 2, yamefanyika. Kamanda akatia sahihi amesimama, kikombe cha chai mkono wa pili. Chini ya sahihi yake kuna mstari wa mkufunzi.

Na mimi nikatia.

Haikupita miezi 2. Saa nane za usiku, zamu inabadilishwa. Kupakua bunduki kuna mpangilio wake na mpangilio ndio roho ya kitu chenyewe: unatoa magazini kwanza, halafu unavuta, unatazama chemba, na kama ni giza unapapasa kwa kidole, ndipo unaachia. Kijana aliyekuwa akitoka zamu alikoki kwanza, yaani alivuta, akatoa magazini baadaye. Alipokoki, risasi ilishapanda chemba. Magazini anaiona mkononi, kwa hiyo moyoni mwake bunduki ni tupu. Akavuta triga. Mwenziwe aliyekuja kumpokea ilimpata pajani. Alipona, alhamdulillahi, ila anachechemea.

Ukaja uchunguzi. Likaulizwa swali la haki kabisa: je, askari huyu alifundishwa kupakua silaha usiku? Daftari likafunguliwa. Alifundishwa, siku 2, sahihi 2. Basi ikaandikwa uzembe wa askari, kijana akaenda ndani, mshahara ukakatwa. Kamanda alihamishwa kama wanavyohamishwa makamanda wote muda wao ukifika. Mimi niliulizwa kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Huenda mtasema hiyo ni kambi moja na mzee mmoja mwenye kinyongo. Basi tuiache, tutazame ya jirani, ambayo dunia nzima iliisoma. Tarehe 5 Januari 2020, alfajiri, al-Shabaab waliingia uwanja wa ndege wa Manda Bay, hapa hapa kwetu, walikokuwa Wamarekani. Wamarekani 3 waliuawa, askari mmoja na raia 2 wa kandarasi, na ndege zikaungua. Wazee wa huku walioamkia swala waliona moshi. Hilo ni jeshi lenye fedha kuliko lolote duniani, lenye miwani ya usiku na vyombo vya kuona kutoka angani. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilichunguza, na ripoti ilipotolewa Machi 2022 haikulaumu uhaba wa silaha. Ilisema watu walizoea, wakajiona salama. Ilisema walinzi hawakuandaliwa vya kutosha kwa kazi ile. Ilisema kamandi haikukaa sawa, na kwamba hatari ya eneo hili haikueleweka ipasavyo.

Mimi nilipoyasoma yale nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Chokaa na mawe, kwa Kiingereza.

Tazameni na saa. Alfajiri. Karibu kila wakija, huja usiku au kabla jua halijatoka, na sisi uwanja wa shabaha tunafungua saa tatu, chai imeshanyweka, na saa sita tunafunga kwa sababu jua kali. Nimefundisha miaka na miaka, na mara nilizopata kuwapeleka vijana kupiga risasi za moto usiku, na kamanda wao akiwapo, nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa nini mzee wa Langoni anajishughulisha na haya? Kwa sababu bili huletwa kwetu. Tangu Mpeketoni, Juni 2014, walipouawa watu zaidi ya 60 katika siku 2, sisi wa Lamu tumejua kitu kimoja: kikosi kikichelewa au kikibabaika, sheria mpya hutungiwa raia. Tuliwekewa kafyu. Tukakatazwa kuvua usiku, na mvuvi wa nyavu ukimnyima usiku umemnyima kazi. Mabasi yakawa hayapiti Gamba, kwenye barabara ya kuja Lamu, hadi yakusanyike msafara na kusindikizwa, mgonjwa wako akiwa humo ndani au asiwe. Septemba 2015 ikaanza Operesheni Linda Boni, tukaambiwa siku 90. Watoto wa Waaweer, wenyeji wa msitu wa Boni, kule Basuba na Mangai walikosa shule miaka, si siku. Mwaka 2022 tukazika Widho, kijiji kilichoshambuliwa. Mwaka 2023 vijiji vya Salama na Juhudi. Sisemi kila msiba huu ulitokana na afisa asiyejua bunduki, nitakuwa muongo. Nasema kila mara tuliambiwa nguvu imeongezwa, wanaume zaidi, magari zaidi, na sikusikia hata mara moja kiongozi mmoja akisimama Mokowe kwenye mkutano wa hadhara aseme: wale mlio nao tayari, tumewafunza hivi na hivi, na mimi nilikuwapo.

Tena liko la pili, ambalo wavuvi wanalijua kuliko ninyi. Askari asiyeiamini bunduki yake huwa na hofu, na mwenye hofu hufyatua. Mashua ikichelewa kuitika, kijana akitia mkono mfukoni kutoa kitambulisho, bodaboda ikipasuka ekzosi karibu na kizuizi. Askari aliyefunzwa vizuri nimemjua siku zote kwa upole wake. Haoni haja ya kupiga kelele.

Nisije nikaonekana nawachukia maafisa. Nilipata kutumikia chini ya kapteni mmoja, mwanamke, mdogo wa umri kuliko binti yangu wa kwanza. Siku ya kwanza alikuja uwanjani na bunduki yake begani mwake. Akaniuliza, “Mwalimu, hii nikiiweka namba 1 hapa kwetu nitakosea?” Nikajua nimepata mtu. Alilala mchangani na vijana, akapiga 20, akapata 11. Sikupata kuona afisa akiandika 11 yake mwenyewe ubaoni, karibu na 17 ya koplo na 18 ya mpishi. Yeye aliandika, kwa chaki, kwa mkono wake. Ndani ya miezi 3 alikuwa anapata 16, lakini hilo si kitu. Kitu ni kwamba ratiba yake ya usiku haikufutwa hata mara moja. Simu ya mgeni ilipokuja aliwajibu wakubwa kwamba vijana wake wana mazoezi na mgeni anakaribishwa aje awaone wakifanya. Mgeni yule alikuja. Alisimama pale gizani saa nzima anaumwa na mbu, na nadhani alifurahi kuliko angeonyeshwa mawe meupe.

Kwa hiyo sina ombi kubwa. Sitaki bajeti wala silaha mpya, wala tume, tume tunazo. Nataka kila kamanda wa kikosi kilichoko Lamu, awe luteni awe kanali, apige shabaha siku moja na askari wake, kwa bunduki aliyopewa yeye, na alama zake ziandikwe ubao mmoja na zao. Apakie na kupakua silaha mbele ya mkufunzi, mchana na usiku, kabla hajapewa watu wa kuwapeleka msituni. Akishindwa afundishwe, si aibu, aibu ni kushikiwa bunduki na dereva. Daftari la mafunzo asilitie sahihi mtu ambaye hakuwapo, na mkaguzi akija kutoka Nairobi asisome daftari. Amwite kijana yeyote, wa mwisho mstarini, amfunge macho kwa kitambaa, amwambie: pakua. Dakika 2 zatosha. Halafu amwite kamanda wake, amfunge kitambaa kile kile.

Na siku ya mazoezi ikifutwa, iandikwe imefutwa, na aliyeifuta aandikwe. Hilo moja tu lingewafanya wengi waogope kupokea simu za wageni.

Najua barua kama hizi hujibiwa kwamba masuala ya usalama hayazungumzwi hadharani. Haya niliyoyaeleza adui anayajua. Anatuchungulia kutoka vichakani tukipaka chokaa. Asiyejua ni waziri, na mbunge anayepitisha fedha za mazoezi, na mama wa yule kijana.

Sasa mtaniwia radhi, wakuu wangu, mistari iliyobaki si yenu.

Kijana aliyefyatua risasi usiku ule aliacha kazi. Mwaka jana nilishuka Malindi kwa mambo ya injini ya mashua, nikasimamisha tuktuk nje ya soko, na dereva alikuwa yeye. Alinijua kabla sijamjua. Aliniita afande, akakataa nauli, akaniuliza habari za wote, hata za yule mwenziwe wa mguu. Njia nzima nilikuwa na neno mdomoni. Tulifika, nikamshukuru, nikashuka. Sikumwambia juu ya daftari.

Mwanangu, wewe hukufundishwa. Sahihi ya pili ilikuwa yangu.

Sajini mstaafu,
Langoni, Lamu